Gari la kazi linagoma kuwaka: pima kwanza, betri utanunua baadaye

Pikapu ikigoma asubuhi, mtu wa kwanza kulaumiwa ni betri. Inanunuliwa mpya, gari linawaka, kila mtu anafurahi, na baada ya wiki mbili mpya nayo imelala. Betri ndiyo inayoonekana imekufa, lakini kilichoiua mara nyingi kiko kwingine: terminali iliyolika, altaneta (jenereta ya gari) isiyochaji, au kitu kinachonyonya umeme usiku kucha.

Magari ya kazi yana balaa la ziada. Yamefungwa taa za nyongeza, winchi, redio ya mawasiliano, kifaa cha kufuatilia gari, soketi ya trela, pengine na friji, na kila kimoja kilipitishiwa waya na fundi tofauti kwa akili yake. Halafu huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa safari fupi, hivyo betri haipati muda wa kurudisha ilichotoa.

Unachohitaji ni multimita ya dijitali yenye sehemu ya kupima ampea 10, brashi ya waya, spana namba 10 na 13, glavu na miwani. Vipimo vyote hapa ni vya gari la volti 12. Kabla ya kugusa chochote: betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo sigara na cheche zikae mbali. Unapofungua terminali anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona fataki.

Sikiliza gari linavyogoma

Zungusha ufunguo na usikilize. Hapo unaokoa nusu ya kazi.

Kimya kabisa na dashibodi haina hata taa moja: terminali imelegea, fyuzi kuu imekatika, au betri imekwisha kabisa. Dashibodi inawaka vizuri lakini stata (mota inayozungusha injini ili iwake) iko kimya: usihangaike na betri. Angalia swichi ya klachi au ya gia (gari la otomatiki jaribu kuliwasha kwenye N badala ya P), rilei ya stata (swichi inayoendeshwa na umeme), na ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi (swichi kubwa ya sumaku iliyo kwenye stata).

Tik-tik-tik ya haraka ni umeme mdogo: solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. "Tak" moja nzito kisha kimya huelekeza kwenye stata yenyewe au waya mnene. Injini ikizunguka kwa uvivu, washukiwa ni betri, nyaya na stata, kwa mpangilio huo. Stata ikivuma kwa kasi bila kuzungusha injini, bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika injini) imekwisha. Na injini ikizunguka kwa nguvu yake ya kawaida ila haishiki, funga boksi la spana za umeme. Tafuta mafuta, moto wa plagi, au kwa dizeli, hita plagi (plagi zinazopasha joto injini ikiwa baridi).

Kama hujaamua bado, washa taa kubwa na mtu apige stata huku wewe ukizitazama. Zikififia karibu kuzimika, umeme hautoshi au haupiti. Zikibaki kali kana kwamba hakuna kilichotokea, mkondo haufiki kabisa kwenye stata.

Betri yenyewe

Pima baada ya gari kulala saa kadhaa. Kama limetoka kuendeshwa, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Vinginevyo mita itasoma chaji ya juujuu. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 kushuka chini haina kitu. Tofauti kati ya kujaa na kuisha haifiki hata volti moja, ndiyo maana ile kauli ya "ina volti 12, ni nzima" imewapotosha wengi.

Betri isiyo na chaji haipimwi, inachajiwa kwanza. Tumia chaja ya karibu asilimia 10 ya uwezo wake: betri ya Ah 60 (ampea-saa, yaani uwezo wake) ipewe ampea 6 hivi, usiku mzima. Ikishatulia, pima tena, kisha pima huku stata inazunguka. Katika joto la kawaida haitakiwi kushuka chini ya 9.6. Ikisoma 12.6 ikiwa imetulia na kuanguka hadi 7 stata inapoguswa, imekufa ndani. Ikigoma kupanda juu ya 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja imepiga shoti, kwa sababu kila seli hubeba volti 2.1 na sita ndizo zinazofanya 12.6.

Betri ya kuongezwa maji, angalia kila tundu. Sahani za risasi za ndani zilizobaki wazi huharibika, na hazirudi. Ongeza maji yaliyosafishwa tu, si ya bomba wala tindikali.

Nyaya na ethi: hapa ndipo wengi hupita haraka

Stata ya pikapu inaweza kuvuta ampea 200 au zaidi, ya dizeli zaidi ya hapo. Kwa mkondo wa 200, ukinzani wa omu 0.01 tu kwenye kiungo kimoja unameza volti 2. Multimita ya kawaida haiwezi kuuona ukinzani huo, na taa za dashibodi hazitaonyesha lolote kwa kuwa zinavuta kidogo. Kwa hiyo nyaya hupimwa zikiwa kazini.

Kwanza zuia injini isiwake: kwa petroli toa rilei au fyuzi ya pampu ya mafuta, kwa dizeli yenye solenoidi ya kuzimia chomoa waya wake. Weka mita kwenye volti DC. Ncha nyekundu iguse kichwa chenyewe cha risasi cha betri upande wa chanya, si terminali inayokishika. Ncha nyeusi iguse boliti nene ya stata. Mwenzako apige stata sekunde tano. Mita ikisoma zaidi ya 0.5, waya wa chanya una shida. Kisha upande wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari): nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu kwenye chuma safi cha injini. Hapo zaidi ya 0.2 au 0.3 ni nyingi. Ukikuta kosa, sogeza ncha kiungo kwa kiungo. Kiungo kizima hakizidi 0.1. Stata isizidi sekunde 10 kwa mara moja, ipumzishwe dakika moja, la sivyo utaongeza ugonjwa wa pili.

Usidanganywe na terminali inayong'aa kwa nje. Ule unga mweupe au wa kijani kila mtu anauona, lakini kinachozuia mkondo mara nyingi ni utando mweusi mwembamba kati ya kichwa cha risasi na ndani ya terminali. Fungua, sugua pande zote mbili mpaka risasi ionekane ya fedha, osha unga kwa magadi ya unga yaliyochanganywa na maji, kausha, funga, kisha ndipo upake grisi kwa nje. Waya wa ethi kati ya injini na chesisi nao ufunguliwe. Kwenye gari linalopita matope hulika chini ya boliti bila kuonekana.

Stata

Nyaya zikiwa nzima, pima kwenye ule waya mwembamba wa solenoidi huku ufunguo umezungushwa. Hakuna umeme: rudi nyuma kwenye rilei na swichi. Umeme upo, boliti nene ina umeme, na unasikia "tak" tu: kosa liko ndani ya stata. Mara nyingi ni zile kontakti za shaba za solenoidi zimeliwa upande mmoja, au brashi za ndani ya stata zimekwisha. Kwenye stata nyingi hivi hubadilishwa peke yake, huna haja ya stata nzima. Kuigonga kidogo kwa mpini wa mbao huku mwenzako anawasha ni kipimo tu. Ikiwaka, umejua, usiifanye desturi.

Je, inachaji?

Injini ikizunguka mara 1,500 hivi kwa dakika, betri isome kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa na feni. Isishuke chini ya 13.5. Magari mapya yenye altaneta inayoongozwa na kompyuta hupandisha na kushusha volti kwa makusudi, kwa hiyo usiihukumu kwa kusoma mara moja. Ikikaa juu ya 15 muda wote, regyuleta (kidhibiti cha volti) imeharibika na betri inachemshwa. Ikiwa chini, anza na mkanda: uliolegea au unaong'aa kama kioo unateleza.

Geuza mita iwe AC, pima palepale kwenye betri injini ikiwa inazunguka. Zaidi ya volti 0.5 maana yake diodi za altaneta (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zina hitilafu. Diodi hizo hizo zinaweza kurudisha umeme usiku gari likiwa limezimwa.

Nani ananyonya umeme usiku

Betri ijae kwanza. Zima kila kitu, ufunguo ukae mbali na gari, fungua boneti. Kama unahitaji mlango wazi kufikia fyuzi, funga komeo lake kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa.

Weka mita kwenye ampea 10, uhamishe waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A. Fungua terminali ya hasi na uunganishe mita kati yake na kichwa cha betri. Kuanzia hapo usiwashe gari wala usifungue ufunguo, fyuzi ya mita itakatika. Subiri dakika 30 hadi 60. Kompyuta za gari huchelewa kulala, na anayepima dakika ya pili hukimbizana na kivuli.

Chini ya miliampea 50 ni kawaida: ni Ah 1.2 kwa siku. Lakini nusu ampea ni Ah 12 kwa siku, na betri ya Ah 60 itafika nusu kwa siku mbili na nusu. Hiyo ndiyo hesabu ya gari linalowaka kila siku ya kazi na kugoma Jumatatu.

Chomoa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Inaposhuka ghafla, umepata mstari. Soma fyuzi hiyo inalisha nini. Usiirudishe hadi umalize, kwa sababu kuirudisha huamsha kompyuta na kuharibu kipimo.

Fyuzi zote zimetoka na mita haijashuka? Tafuta visivyopita kwenye boksi la fyuzi: nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri, altaneta, rilei ya hita plagi iliyoganda. Rilei inayobaki na vuguvugu gari likiwa limelala inashukiwa. Kwa altaneta, ondoa hasi ya betri kwanza, fungua waya mnene, ufunge kwa tepu, rudisha mita. Mkondo ukipotea, ni diodi.

Gari lenye betri mbili, hakikisha kitenganishi (rilei inayotenganisha betri hizo) kinaachia injini ikizimwa: washa friji dakika kumi, pima betri zote mbili. Ikiwa ya stata nayo inashuka pamoja na ya friji, kitenganishi kimeganda. Taa ya sanduku la dashibodi nayo hupimwa kirahisi: weka simu ndani ikirekodi video, funga, fungua, tazama kama kulikuwa giza.

Ukilazimika kuwasha kwa jampa

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Acha dakika tano kabla ya kupiga stata, na utoe nyaya kwa kurudi nyuma. Usitegemee altaneta kuifufua betri iliyokwisha kabisa: itajichosha na kuunguza diodi. Ichaji kwa chaja siku hiyo hiyo.

Na kama vipimo vimethibitisha ni betri, chukua yenye kipimo na uwezo ule ule, vichwa vikiwa upande ule ule, na ukaze kibano chake. Betri inayoruka kwenye barabara mbovu huvunjika sahani kabla ya wakati wake. Ya zamani mrudishie muuzaji. Ina risasi na tindikali, haitupwi jalalani.