Uvimbe wa Maji kwenye Ovari Baada ya Kukoma Hedhi: Namna ya Kuielewa Ripoti ya Ultrasaundi

Neno "uvimbe" limebeba mengi mno: fibroidi za kizazi, vifuko vya maji vya ovari na hata saratani huitwa hivyo hivyo, na mama aliyekoma hedhi akiambiwa tu kwamba ana uvimbe hurudi nyumbani na hofu isiyo na kipimo. Kabla hujainuka kitini, muulize daktari mambo mawili: uvimbe huo uko kwenye kizazi au kwenye ovari, na ndani yake mna maji matupu au mna nyama?

Swali la pili lina uzito kuliko ukubwa peke yake. Kifuko cha chumba kimoja chenye kuta nyembamba, ambacho maji yake huonekana meusi tii kwenye picha na hakuna kilichoota ndani, kwa kawaida si saratani, na vingi vya namna hiyo hunywea vyenyewe. Alama zinazotia shaka ni tano: vyumba vingi, sehemu zenye nyama, uvimbe kwenye ovari zote mbili, maji yaliyojaa tumboni, na dalili za ugonjwa kusambaa. Ikiwa ripoti imeandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, mwombe daktari akuonyeshe kwa kidole mstari unaozitaja au unaosema hazipo.

Angalia pia picha ilipigwaje. Ultrasaundi ya juu ya tumbo hupigwa kibofu kikiwa kimejaa. Ile ya ukeni hupigwa kibofu kikiwa kitupu, huisogelea ovari, na ndiyo hutofautisha vizuri maji na nyama. Akina mama wengi huiona haya, nami nawaelewa, lakini ni afadhali kuomba mpimaji wa kike kuliko kukikataa kipimo chenyewe.

Katika damu hupimwa CA-125, protini ambayo mara nyingi hupanda kukiwa na saratani ya ovari, na ambayo kwa kawaida huwa chini ya uniti 35 kwa mililita. Usiisome peke yake, kwa sababu hupanda pia kwa kifua kikuu cha tumbo, ugonjwa wa ini au moyo ulioshindwa kazi, na yaweza kuwa ya kawaida saratani ikiwa changa. Ndiyo maana madaktari huiunganisha na picha kwa hesabu: picha isiyo na hata alama moja kati ya zile tano hupewa 0, yenye alama moja 1, yenye mbili au zaidi 3, namba hiyo huzidishwa kwa 3 kwa sababu hedhi imekoma, kisha kwa CA-125. Mwenye alama moja na CA-125 ya 20 hupata 60. Mwenye alama mbili na CA-125 ya 80 hupata 720. Kwa mwongozo wa chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Uingereza (RCOG), kuanzia 200 mgonjwa hupelekwa kwa wataalamu wa saratani za wanawake.

Mwongozo huo huo unasema kwamba kifuko cha maji matupu cha ovari moja, kisichofika sentimita 5 wala kuleta dalili, CA-125 ikiwa ya kawaida, hakihitaji kisu; hupimwa tena baada ya miezi 4 hadi 6, na kisipokua kwa mwaka mmoja ufuatiliaji waweza kukoma. Kwa hiyo tunza ripoti ya kwanza, uende nayo kila unapopimwa, maana milimita 28 za leo hazina maana bila kujua zilikuwa ngapi mwanzo. Kufyonza maji kwa sindano hakushauriwi. Wala usiitumie miezi hiyo kunywa dawa za "kusafisha kizazi", ambazo haziondoi kifuko cha ovari na zinaweza kukupotezea tarehe ya kurudi.

Mweleze daktari kama mama yako au dada yako aliugua saratani ya matiti au ya ovari. Tumbo likijaa gesi siku nyingi, ukishiba upesi au ukikojoa mara kwa mara, usingoje tarehe uliyopewa. Maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo pamoja na kutapika yanaweza kumaanisha ovari imejisokota. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Na damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone, itaje kando na habari ya kifuko, kwa kuwa kizazi nacho kitahitaji kuchunguzwa.