Samaki wa dhahabu Dar: komaza maji kwanza

Juzi binti wa jirani alinigongea mlango na mfuko wa nailoni mkononi, ndani samaki wawili wa dhahabu kutoka Kariakoo. "Anko, mbona wanahema juu juu?" Nyumbani alikuwa amewawekea bakuli la lita 4. Namwandikia yeye, na wewe unayeanza.

1. Tanki. Bakuli achana nalo. Wawili watafutie lita 120 hivi, tanki pana, kwani hewa huingilia juu ya maji.

2. Chujio la sponji na pampu ya hewa. Mimi hilo tu. Yale ya kuning'iniza pembeni, umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine hayavuti tena maji.

3. Komaza maji. Hapa ndipo wengi tunapoua samaki. Kinyesi chao hutoa amonia, nayo huunguza matamvua. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, yenye madhara kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye sponji, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana. Jaza maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini (kisima cha chumvi hapana), washa pampu, tupia chembe za chakula kila siku bila samaki. Pima kwa kipimo cha maji ya tanki. Amonia na nitriti zikishapanda, kisha zikashuka na kusoma sifuri zote mbili, maji yamekomaa. Ukipata kipande cha sponji kutoka tanki la rafiki lenye samaki wazima, utaokoa wiki kadhaa.

Sponji usiioshe bombani! Niliiosha hivyo mwaka wangu wa kwanza, ikang'aa. Klorini iliua bakteria wote, na siku ya nne samaki wangu watatu walikuwa wanaelea. Ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tankini.

Umeshanunua samaki, kama binti yule? Waweke kwenye beseni kubwa lenye pampu, badili nusu ya maji kila siku, lisha kidogo sana, pima mpaka amonia na nitriti zisome sifuri.

4. Joto. Hawa ni samaki wa maji baridi, na Januari hadi Machi maji yetu hufika nyuzi 30, hewa ikapungua. Tanki likae mbali na dirisha la jua, juu weka wavu badala ya mfuniko, feni ipulize juu ya maji.

5. Lisha wanachomaliza kwa dakika mbili. Robo ya maji badili kila wiki.

Umeme ukikatika usiku na huna pampu ya betri, chota maji kwa kikombe, uyamimine kutoka juu, dakika kumi kila saa.