Matone ya mafuta juu ya kanga: picha nzuri kutoka jikoni kwako

Kama una simu yenye kamera, leo usiku jaribu hii. Chukua bakuli la kioo lenye kitako bapa, lile la kuokea, ulipandishe juu ya glasi mbili zilizofunikwa kifudifudi. Chini yake tandika kanga yenye rangi kali. Mimi napenda ya njano na nyekundu, zinawaka.

Mimina maji kiasi cha vidole viwili. Yakiwa yalichemshwa yakapoa ni bora zaidi, kwa sababu hayaleti vile viputo vya hewa vinavyoganda kwenye kioo. Kisha vijiko 2 vya mafuta ya alizeti, na tone moja tu la sabuni ya vyombo. Koroga taratibu na uma. Duara kubwa la mafuta litapasuka kuwa madogo madogo, na ndani ya kila moja utaona rangi za kanga zimepinda, maana tone la mafuta hupindisha mwanga kama lenzi.

Zima taa ya juu. Tochi imulike kanga, isimulike maji, la sivyo utapata mng'ao mweupe unaoharibu kila kitu. Shika simu sambamba na maji, bonyeza kioo chake kwa muda juu ya ukingo wa duara mpaka fokasi (sehemu ambayo kamera inaionyesha kwa ukali) ijifunge hapo, subiri maji yatulie, piga. Piga nyingi, maduara hayaachi kusogea.

Ukichoka na kanga, weka karatasi nyeusi.