Redio inavuma konvata ya sola ikiwaka: jinsi ya kuituliza

Ofisi ya ushirika Newala au nyumba ya Kilwa Kivinje yenye sola ya volti 24 huhitaji konvata ya kushusha hadi volti 12. Ikiwashwa, redio ya masafa ya kati huanza kuvuma. Konvata yenye IC (chipu) ya LM2596 hufunga na kufungua umeme mara 150,000 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo hujirudia kila baada ya 150 kHz: 600, 750, 900, 1050. Weka redio kwenye betri zake yenyewe, zungusha kitafutio, kisha zima konvata. Mvumo ukikatika, umeshajua chanzo.

Wengi hukimbilia kununua feraiti, ile pete ya kuzuia kelele kwenye waya. Hiyo ni kuanzia mwisho, maana kelele ni rahisi zaidi kuizuia pale inapozaliwa.

Umeme unaokatika ghafla huzunguka kutoka kapasita ya kuingilia, kupitia swichi na dayodi, hadi kurudi kwenye kapasita. Kadiri duara hilo linavyokuwa kubwa ndivyo linavyorusha kelele kama antena. Bodi nyingi za bei nafuu zina kapasita ya elektrolaiti peke yake, tena imekaa mbali. Chomoa betri, kisha chomelea kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 10, aina ya X7R, moja kwa moja kati ya mguu wa 1 na wa 3 wa IC. Miguu ya kapasita isizidi milimita 5. Chukua ya volti 50, si ya 25: betri za asidi za volti 24 zikichajiwa hufika volti 28.8, na seramiki hupoteza uwezo mwingi inapokaribia kikomo chake. Elektrolaiti iache palepale, ndiyo inayozuia saketi isiyumbe.

Mvumo ukibaki, unganisha rizista ya omu 10 na kapasita ya nanofaradi 1 kwa kufuatana, kisha uziweke sambamba na dayodi. Kwa volti 28 rizista hula takriban wati 0.12, basi ya nusu wati yatosha. Iwe ya kaboni. Ya waya uliosokotwa ni koili yenyewe na itaharibu kazi. Usiongeze kapasita ovyo, joto hupanda nalo.

Sasa ndipo feraiti. Sokota waya chanya na hasi pamoja, uzizungushe zote mbili kwenye pete moja mara 5 hadi 7, karibu kabisa na konvata. Ukipitisha mmoja tu, mkondo wa moja kwa moja hushibisha pete na haifanyi kazi tena.

Mwisho ni boksi la bati la kufunika konvata. Hapa pwani, Mikindani kwa mfano, hewa ya chumvi hula viungio, na kiungio chenye kutu hakizuii kelele. Kwangua rangi hadi bati ling'ae, weka washa ya meno (pete ya chuma chini ya skrubu), kaza, paka grisi. Hasi iguse boksi sehemu moja tu, kwa waya mfupi.

Inveta ya volti 230 ni jambo jingine: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa, na kapasita inayounganisha laini na boksi lazima iwe ya daraja Y, yaani la usalama. Ya kawaida ikishoti, boksi zima linakuwa na umeme.