Khanga isomekayo pande mbili: kuweka sawa teksicha Second Life

Mama alipokuja kukaa nami wiki mbili hapa Kisauni, nilimwonyesha kwenye laptopu nyumba ninayoijenga usiku nikishafunga cherehani. Iko Second Life, ule ulimwengu wa kompyuta wa Linden Lab uliofunguliwa 2003, ambako karibu kila kitu kimejengwa na watumiaji wenyewe. Nilidhani atasifu baraza. Yeye macho yake yakaenda uani, kwenye kamba ya nguo, akauliza, "Khanga gani hii, jina lasomeka mbele na nyuma?"

Nashona miaka 19 na sikuwa nimeliona. Khanga ya kweli huchapwa upande mmoja. Ukiitazama kwa nyuma, "Wema hauozi" inakwenda kinyume kama kwenye kioo. Yangu ilikuwa primu, yaani umbo la msingi la kujengea humo, hapa kisanduku bapa chenye unene wa mita 0.01, na kila upande wa kisanduku huvikwa picha yake ikiwa wima na yenye kusomeka. Nitakueleza nilivyoirekebisha, lakini tuanze na ukuta, maana ukutani ndiko wengi wanakoharibu kazi.

Teksicha ni picha tu inayovikwa juu ya umbo, kama kitambaa juu ya kiti. Ukiweka primu mpya inakuja imevaa sura ya mbao za plaiwudi, na ukiivisha picha yako, picha hiyo inavutwa ijae upande mzima mara moja. Upande uwe wa nusu mita au wa mita 10, ni picha ile ile moja. Ndiyo maana nyumba za wanaoanza zina matofali makubwa kama magodoro. Watu huvuta namba juu na chini mpaka "ionekane sawa". Mimi sikati nguo kwa macho, na ukuta pia siukati kwa macho. Chukua futi.

Nilipiga picha vigae vya jikoni kwangu, vya sentimita 20, sita kwa sita. Kwa hiyo picha yangu ni mita 1.2 kila upande, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye daftari kabla ya kufungua programu. Ukuta wa jikoni Second Life ulikuwa mita 10 kwa 3. Gawanya: 10 kwa 1.2 ni 8.33, yaani picha ya mwisho inakatikia njiani kwenye kona. Kitambaa kikikataa, fundi hubadilisha pindo; nikapunguza ukuta uwe mita 9.6, nikapata marudio 8 kamili ya picha. Kwenda juu, 3 kwa 1.2 ni 2.5.

Sasa bonyeza kitu kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Edit", kisha weka alama kwenye "Select Face" na ubonyeze upande unaoutaka. Utaona duara jeupe lenye msalaba juu yake. Usiliruke hili. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa imeunganishwa yote kuwa kitu kimoja, nikaichagua nzima badala ya upande mmoja, nikachagua picha ya khanga. Kuta, ngazi, choo, vyote vikavaa khanga kama bibi harusi, na Ctrl+Z ya kutengua haikunisaidia kitu. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa teksicha, nashika Shift na kuvuta mshale wa kitu ili nibaki na nakala pembeni. Ukitaka pande mbili au tatu kwa pamoja, shika Shift huku ukizibonyeza moja moja.

Kwenye ukurasa wa "Texture" utakuta marudio ya mlalo na ya wima. Nikaandika 8 na 2.5. Vigae vikawa na ukubwa wa kweli mara moja, ila chini sakafuni ilianza nusu ya kigae, na juu ikaishia nusu nyingine. Hapa wengi huanza kusogeza picha kidogo kidogo mpaka wachoke. Kumbe programu hukuza na kupunguza picha kutoka katikati ya upande, si kutoka kwenye kona, kama mtu anayekunja kitambaa katikati kabla ya kukata. Hesabu ni fupi: chukua nusu ya marudio, toa 0.5. Kwa 2.5 unapata 1.25, ukitoa 0.5 inabaki 0.75. Andika 0.75 kwenye msogeo wa wima, palipoandikwa "Offset", na picha inaanzia sakafuni kabisa. Jibu likizidi 1, itupe namba nzima ubaki na desimali. Kwa mlalo, 8 inatoa 3.5, kwa hiyo ni 0.5, mimi niliacha sifuri, kwa sababu nusu ya vigae sita ni vitatu na hakuna kilichokatika.

Ukigeuza picha nyuzi 90, kumbuka mlalo na wima zinabadilishana kazi. Dakika 40 nilizipoteza hapo.

Kasoro nyingine haionekani mpaka picha irudiwe. Kigae kimoja changu kina ufa mdogo. Ukutani ufa ule ukajipanga mara 8 kwa mstari, kama askari. Nikaufuta kwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Humo humo, isogeze picha nusu kwa nusu ili kingo zije katikati, uone kama mshono unalingana. Aliyewahi kulinganisha maua ya kitenge kwenye mshono wa bega ananielewa.

Usilipie majaribio. Kwenye dirisha la kuchagua teksicha kuna "Local": unachagua faili lililo kwenye kompyuta yako, unaliona juu ya kitu, na kila ukihifadhi mabadiliko kwenye GIMP yanajitokeza yenyewe. Wewe tu ndiye unayeyaona, na ukitoka yanapotea, lakini ni bure. Nikisharidhika ndipo napakia; picha yangu ya vigae ilikula L$10, yaani dola 10 za Linden, pesa ya humo ndani. Ipe vipimo vya pikseli 512 au 1024 kila upande. Ukileta pikseli 1500 kwa 1100, programu itaibana au kuivuta yenyewe kufikia vipimo vyake. Na usikimbilie kubwa: ya 1024 hula megabaiti 4 za kumbukumbu ya kadi ya picha ikifunguliwa, ya 512 hula moja. Kigae hakihitaji nne. Khanga yenye maandishi ndiyo inahitaji.

Na khanga, basi. Primu niliipa mita 1.5 kwa 1.1, kama ya dukani, marudio 1 kwa 1. Picha yenyewe ni mraba, jina limebanwa kama mtu aliyevuta pumzi, lakini ikivikwa upande wenye uwiano sahihi inafunguka, pindo na mji kila kimoja mahali pake. Kisha nikachagua upande wa nyuma peke yake, nikaandika -1 kwenye marudio ya mlalo. Jina likageuka kinyume. Rangi ya upande huo nikaitia kijivu chepesi, kwa sababu wino hupenya pamba lakini hufifia. Kingo nne nyembamba nikaziacha na rangi tupu ya pindo.

Makuti yana shida yake. Ncha zake zina uwazi, na ukizitazama kupitia dirisha la kioo, mara kioo kinameza makuti, mara makuti yanameza kioo. Badilisha "Alpha mode", namna uwazi unavyochorwa, iwe "Alpha masking". Ncha zitakuwa kali kidogo, lakini hazitacheza. Zikiwa na ukungu mweupe pembeni, kosa liko kwenye picha: chini ya sehemu ya uwazi paka kahawia ya makuti badala ya nyeupe.

Mwisho jaribu jua la mchana, kisha usiku. "Full bright", inayofanya kitu king'ae bila kujali jua, usiiguse ukutani. Ukuta utawaka gizani kama friji iliyoachwa wazi.

Mama nilimwita tena aangalie. Akazungusha kamera mpaka nyuma ya kamba, akasoma herufi kinyume polepole, kisha akauliza mbona doti nimeitundika moja, ya pili iko wapi.