Shimo la saileji ndani ya unyayo

Mkulima anayejua kutengeneza saileji, yaani malisho ya mifugo yaliyochachushwa, hahitaji darasa refu kuhusu bakteria wanaoishi bila hewa. Unakatakata majani, unayajaza shimoni, unayakanyaga mpaka hewa itoke, unafunika kwa turubai na kukandamiza kingo. Ukiacha upenyo, ukungu unaingia. Ukiziba barabara, bakteria wasiohitaji oksijeni wanashika usukani na malisho yanachacha badala ya kuoza.

Sasa chukua jino la uma wa kuchotea samadi. Linatoboa buti la mpira, linazama unyayoni sentimita mbili, linatoka. Damu ni matone mawili matatu tu. Kufika jioni ngozi imeshafumba mdomo, na mwenye mguu anashukuru kwamba hakuumia sana. Mimi ndipo wasiwasi wa pepopunda unaponianza. Huko ndani limebaki tundu jembamba lenye chembe za udongo, nyuzi za soksi na nyama iliyopondeka ambayo damu haiifikii, na pasipofika damu hapafiki oksijeni. Bakteria wa kawaida walioingia na jino lile wanamalizia hewa kidogo iliyosalia. Shimo limejazwa, limeshindiliwa, limefunikwa.

Anayelisubiri shimo la namna hiyo ni Clostridium tetani, bakteria wa pepopunda. Makazi yake ni udongo na matumbo ya wanyama, kwa hiyo kwenye samadi yumo. Hewa ikimzidi, hujifungia ndani ya spora, kitu kama mbegu yenye ganda gumu, na huweza kukaa udongoni miaka mingi akisubiri. Kuchemsha maji kwa dakika chache hakumuui. Vifaa vya hospitali husafishwa kwa mvuke wa shinikizo wenye nyuzi joto 121. Kitasato Shibasaburō, mtafiti Mjapani wa bakteria, alipomtenga kwa mara ya kwanza huko Berlin mwaka 1889 alitumia ugumu huo huo: alipasha moto mchanganyiko wa vijidudu, wengine wakafa, spora zikabaki, akazikuza pasipo na oksijeni.

Spora ikiamka ndani ya tundu, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayosafiri kwenye mishipa ya fahamu na kuzima ishara zinazoiambia misuli ilegee. Taya hukaza kwanza, mtu anashindwa kufungua kinywa. Hufuata shingo, tumbo na mgongo. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 21 baada ya kuumia, wakati ambapo kidonda chenyewe huenda kimepona na kusahaulika. Na kutu, ambayo wengi huilaumu, tuiache ipumzike: msumari wenye kutu ni hatari kwa kuwa umelala kwenye uchafu na unachoma kwa kina. Mwiba mbichi wa ua unaweza kufanya kazi ile ile.

Ukichomwa, acha kazi hapo hapo, usisubiri kumaliza tuta. Vua buti na soksi, osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, tena kwa dakika kadhaa, si kumwagia kikombe kimoja. Toa uchafu unaoonekana, lakini kilichozama usikichokoe. Nenda nacho kwa mhudumu wa afya. Kisha usizibe. Udongo, majivu, grisi na samadi yenyewe, vyote nimeviona vikipakwa kwenye vidonda, na kila kimoja ni kuongeza mbegu na kufunika shimo. Kitambaa safi kilichofungwa kwa ulegevu kinatosha mpaka ufike kituoni, siku hiyo hiyo. Mhudumu akilipanua tundu, akakata nyama iliyokufa na kuliacha bila kushona, usimwone mvivu, anaingiza hewa. Vidonge vya antibayotiki havichukui nafasi ya kazi hiyo, maana dawa husafiri na damu, na kwenye nyama iliyokufa damu haifiki.

Chanjo ndiyo ngao yenyewe. Pepopunda haiambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, kwa hiyo chanjo ya jirani haikusaidii wewe kitu. Hata aliyeugua akapona hapati kinga, kwa sababu sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kuushtua mwili ujifunze, na ni lazima achanjwe. Kwa jeraha chafu, mtu aliyekamilisha dozi zake za awali hupewa nyongeza ikiwa imepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho. Kwa jeraha dogo safi, miaka 10. Asiyekamilisha dozi tatu, au asiyekumbuka, aseme wazi, kwani huenda akahitaji pia sindano ya kingamwili zilizo tayari. Andika tarehe ya dozi ya mwisho mahali pale pale unapoandika tarehe za chanjo za mifugo. Wafugaji wengi nawajua wanaozijua tarehe za ng'ombe na hawazijui zao.

Aliyewahi kufuga ng'ombe pengine anajua chambavu: paja au bega linavimba, ukilibonyeza linatatarika kama majani makavu, kwa sababu ya gesi chini ya ngozi. Ndugu wa bakteria anayeleta ugonjwa huo, hasa Clostridium perfringens, huleta gangrini ya gesi kwa binadamu, yaani nyama kufa haraka huku ikijaa gesi. Jeraha likivimba haraka, likauma kupita ukubwa wake, likatoa majimaji yenye harufu au likatatarika ukiligusa, kimbia hospitali. Hapo wakati unahesabiwa kwa saa. Jeraha la kuumwa na mnyama nalo lioshwe dakika 15, maana mbali na kichaa cha mbwa, kinywa kimejaa bakteria wasiopenda hewa.

Ukoo huu una mmoja asiyehitaji kidonda. Clostridium botulinum huamka ndani ya chupa iliyozibwa: mboga au vitunguu saumu visivyotiwa siki, vikazamishwa kwenye mafuta na kuachwa kwenye joto la chumba. Sumu yake inaweza kuwamo bila chakula kubadilika harufu wala ladha, kwa hiyo usionje ili kupima. Anayesindika mboga kwa kuuza atumie tindikali ya kutosha, pH (kipimo cha ukali wa tindikali) 4.6 au chini yake, au mtambo wa mvuke wa shinikizo.

Wafugaji wa nyuki, spora hizo huweza kuwamo kwenye asali safi kabisa. Tumbo la mtu mzima huzishinda, la mtoto mchanga bado. Kwenye lebo ya chupa iandikwe kwa herufi zinazosomeka: asipewe mtoto aliye chini ya miezi 12.