Rada ya setilaiti na ziwa lililoganda: namna ninavyosoma usawa wa maji

Nafuatilia usawa wa Ziwa Rukwa nikiwa nyumbani Uyole, Mbeya. Rukwa halina mto unaotoka na kingo zake ni tambarare, hivyo maji yakipanda kidogo yanameza malisho, na yakishuka ubao wa vipimo unabaki umesimama matopeni. Ndiyo maana nikajifunza rada. Ila kilichonifundisha kuisoma kwa makini ni Great Slave, ziwa la Kanada linaloganda kila mwaka.

Hesabu yenyewe ni fupi. Setilaiti kama Sentinel-6, iliyorushwa 2020, iko juu kilomita 1,336. Inapiga mawimbi ya redio wima chini na kupima muda hadi mwangwi urudi. Zidisha muda kwa kasi ya mwanga, gawanya kwa mbili, unapata umbali. Kimo cha setilaiti toa umbali huo, toa pia jioidi (kimo cha usawa wa wastani wa bahari mahali hapo), ndio usawa wa ziwa. Setilaiti hurudi njia ileile kila siku 10 hivi, na data ni bure.

Usisahau hewa. Hewa kavu huchelewesha mwangwi, kana kwamba umbali umeongezeka mita 2.3 ukiwa usawa wa bahari. Rukwa liko mita 800 juu, hewa ni nyepesi, ucheleweshaji ni kama mita 2.1. Ukitumia namba ya baharini, ziwa litaonekana limepanda sentimita 20 ambazo hazipo.

Sasa barafu. Huku barafu tunayoijua ni sakitu ya Juni, ile inayochoma majani ya viazi na kuyeyuka jua likichomoza. Ya Great Slave hupita unene wa mita moja. Mchoro wangu wa kwanza ulionyesha ziwa likishuka sana kila majira ya baridi na kurudi yanapokwisha. Niliamini, kwa kuwa Rukwa nalo hushuka kiangazi. Nilikosea: maji hayakwenda popote.

Mawimbi ya rada hupenya barafu ya maji baridi yasiyo na chumvi. Sehemu hurudi kutoka juu ya barafu, sehemu kutoka chini yake, inapokutana na maji. Tena ndani ya barafu yanakwenda polepole, kasi ya hewani ukigawa kwa 1.78. Chukua barafu ya mita 1. Inaelea huku sentimita 8 tu zikiwa juu ya usawa wa maji. Programu ikishika mwangwi wa chini, itaona mita 1.78 kutoka juu ya barafu, yaani mita 1.70 chini ya usawa halisi. Ikichanganya miangwi miwili, kosa linaangukia katikati, nalo linakua kadiri barafu inavyonenepa.

Kwa hiyo usianze na namba, anza na umbo la mwangwi. Chora nguvu ya kila mmoja kadiri muda unavyopita. Juu ya maji yenye mawimbi unapanda ghafla kisha unashuka taratibu. Juu ya barafu laini unachongoka, au unatoa vilele viwili. Kipande kimoja cha kipimo, yaani tofauti ndogo kabisa ya umbali ambayo rada inaweza kuitenganisha, ni sentimita 47 hewani, sawa na 26 ndani ya barafu. Barafu nyembamba kuliko hapo vilele havitengani, siku hizo mimi nazitupa. Kujua tarehe ya kuganda, tazama rediomita ya setilaiti hiyohiyo, kifaa kinachopima mnururisho unaotoka kwenye uso wa ziwa wenyewe: barafu hutoa mnururisho mwingi kuliko maji, mstari unaruka juu. Vilele vikitengana, shika cha kwanza, kisha ondoa unene wa barafu ulio juu ya usawa wa maji. Theluji ikiwa nzito, barafu huzama kidogo zaidi, nayo ihesabu.

Niliporudi Rukwa nilikagua miangwi yote upya. Karibu na mdomo wa Mto Momba mingi ilichongoka vilevile, bila barafu yoyote: maji yaliyotulia kati ya matete. Nimeyakata maeneo hayo, nimebakiza pointi za katikati ya ziwa.